Mlimao Unaumwa Nini? Angalia Jani Kwanza, Dawa Baadae

Ukimuuliza mtu yeyote mwenye mlimao uani kwake shida ni nini atakwambia majani yamekuwa ya njano, au unatoa maua afu yanapukutika yote, au una miaka kibao haujawahi kuzaa hata limao moja la kukamulia samaki. Umefanya nini? Nimenunua dawa nimepulizia. Dawa gani? Hajui, muuzaji alimpa tu. Hapo ndo pesa za watu zinapopotelea, mana matatizo mengi ya mlimao wa nyumbani wala hayatokani na mdudu, yanatoka chini kwenye udongo na maji, na mti wenyewe unakuonyesha kabisa kama unajua pa kuangalia. Kwaiyo nitaenda dalili kwa dalili. Ninayosema yanafaa kwa mndimu pia na kwa sehemu kubwa hata mchungwa. Nimelenga zaidi pwani, yani Tanga, Dar, Zanzibar, Mombasa, ila watu wa Lushoto, Moshi na milimani kule Kenya wana lao moja kubwa nitalifikia.

Kabla ya lolote jiulize mambo mawili. La kwanza, majani yaliyoharibika ni yale ya zamani ya ndani na chini, au ni machanga ya kwenye ncha za matawi? La pili, ukichimba sentimita 10 au 15 pale chini ya mti udongo ni mkavu, una unyevu wa kiasi, au ni tope? Chimba kabisa kwa kijiko au panga, usiangalie juu tu, mana juu panaweza kuwa pamekauka vumbi na chini ni tope linanuka. Majibu ya hayo mawili yanakata nusu ya kazi.

Majani yamekuwa ya njano

Hii ndo malalamiko namba moja na ndo yenye sababu nyingi, tusiikimbie.

Kama yameanza kupauka majani ya zamani, jani zima linakuwa njano sawasawa bila michoro yoyote na mwisho linadondoka, mti una njaa ya naitrojeni. Mti unahamisha chakula kutoka majani ya zamani kupeleka kwenye machanga, ndo mana ya zamani yanatangulia. Samadi iliyooza vizuri, ndoo moja au mbili kwa mti mdogo, pamoja na CAN kidogo (mbolea ya dukani yenye naitrojeni) mwanzo wa mvua, gramu 50 hivi kwa mti wa mwaka mmoja afu unaongeza kadiri unavyokua. Weka kuzunguka usawa wa ncha za matawi, huko ndo mizizi inayokula iko, sio kurundika shinani. Samadi mbichi ya kuku iliyorundikwa shinani inaunguza, na watu wengi sana wanafanya hivyo kwa nia nzuri tu.

Kama jani la zamani lina njano pembeni ila karibu na kikonyo pamebaki kijani umbo la pembetatu, hiyo ni magnesi imepungua, inatokea sana kwenye udongo wa kichanga unaosuuzwa na masika. Chumvi ya Epsom gramu 10 kwa lita moja ya maji, pulizia kwenye majani jioni, rudia baada ya wiki mbili tatu, na ongeza mboji.

Sasa kama wanaopauka ni majani MACHANGA, jani ni njano au karibu jeupe ila mishipa yake imebaki kijani imejichora vizuri kabisa, hiyo ni chuma, na hapa pwani ndo kesi yangu ya kwanza kuishuku kila mara. Sio kwamba chuma hakipo kwenye udongo. Kipo, ila ardhi ya matumbawe ina chokaa nyingi, na udongo ukiwa na chokaa nyingi mizizi haiwezi kukifyonza. Jamii ya michungwa inapenda udongo wenye pH (kipimo cha uchachu wa udongo) kama 5.5 hadi 7, ukipanda 8 huko mti unashinda na njaa mezani pamejaa. Na hata kama hauko kwenye matumbawe, kuna hili la nyumba zetu: fundi amemaliza kujenga, kifusi chote cha saruji na chokaa kimefukiwa uani, juu wakaweka udongo mwekundu wa tripu mbili, afu wewe ukapanda mlimao hapohapo. Chimba kidogo pembeni uone, ukikuta vipande vya matofali na zege umeshapata jibu. Tiba yake ya haraka ni mbolea ya majani yenye chuma, zinki na manganizi, unapulizia majani machanga yakishafunguka. Tiba ya kudumu ni mboji na samadi nyingi mwaka hadi mwaka na matandazo ya majani makavu. Na tafadhali acheni kumwaga majivu kwenye mti wa namna hii, majivu yanapandisha pH zaidi, unamuongezea mgonjwa ugonjwa. Majivu yana mahali pake, hapa sipo.

Majani machanga yakiwa madogo, membamba, yamesimama wima na yana mabaka ya njano katikati ya mishipa, hiyo ni zinki, na dawa ni hiyohiyo ya kupulizia.

Kama una shamba sio mti mmoja, usibahatishe, peleka udongo ukapimwe. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano pale Muheza kazi yao ni udongo, na chuo kikuu cha kilimo cha SUA Morogoro wana maabara. Ni pesa ndogo ukilinganisha na mifuko ya mbolea isiyo sahihi.

Njano ya maji sasa. Mti unakuwa njano wote, majani yamelegea kama umekosa maji, unaongeza maji, unazidi kulegea. Chimba: tope, na mizizi midogo ukiivuta inachunika ngozi inabaki uzi. Mizizi imekosa hewa inaoza. Acha kumwagilia kabisa mpaka ile sentimita 10 ya juu ikauke, chimba mfereji maji yatoke. Kujua kama eneo lako linatuamisha maji ni rahisi, chimba shimo la nusu mita, jaza maji, kesho yake asubuhi ukikuta bado kuna maji usipande hapo bila kuinua tuta la nusu mita hivi. Mti mchanga kwenye udongo wa kichanga wakati wa kiangazi ndoo ya lita 20 mara mbili kwa wiki inatosha, mfinyanzi punguza. Kumwagia kikombe kikombe kila jioni hakusaidii kitu, maji yanaishia juu na mizizi nayo inabaki juu.

Ncha za majani zimeungua, pembeni kahawia

Hapa wa Kigamboni na wengine wote wenye visima vya karibu na bahari nisikilizeni. Onja maji ya kisima chako. Kama yana chumvichumvi ulimi unaisikia, mlimao unaisikia zaidi, jamii hii ya miti ni miongoni mwa inayoteseka haraka sana na chumvi. Jani linaungua kuanzia nchani linaingia pembeni, afu linadondoka. Kinga mvua, hifadhi kwenye simtanki, tumia hayo kwa mti kiangazi. Kama hamna namna, changanya ya kisima na ya bomba, na ukimwagilia mwaga mengi kwa mara moja ili chumvi isukumwe chini ya mizizi badala ya kidogo kidogo kinachoiacha juu. Matandazo mazito yanasaidia sana mana udongo haukauki haraka, na chumvi inakuwa kali zaidi udongo ukikauka.

Kwenye mti wa kwenye ndoo au pipa dalili hiihii mara nyingi ni mbolea imezidi. Suuza kwa maji safi mpaka yatiririke chini. Na chini kuwe na matundu, nimeona ndoo za rangi zimepandwa miti bila tundu hata moja.

Michoro ya fedha kwenye majani, majani yamejikunja

Chukua jani changa lililojikunja, lielekeze kwenye jua. Utaona njia nyembamba inayong'aa inazungukazunguka ndani ya jani, na katikati ya njia kuna mstari mweusi mwembamba, hicho ni kinyesi cha kiwavi. Ifuate njia mpaka mwisho wake, kwenye ukingo wa jani utakuta pamekunjwa kidogo, fungua kwa kucha, kiwavi chenyewe kiko humo au kimeshageuka kuwa buu. Huyo ni mchimba majani. Anaishi katikati ya ngozi mbili za jani, ndo mana ukipulizia dawa ya kawaida juu ya jani haimfikii, unaua tu nyigu wadogo wanaomla.

Kwa mti mkubwa mpuuze. Kabisa. Majani yanaonekana mabaya ila mti unazaa kama kawaida. Na usiyakate hayo majani mana ukikata unachochea machipukizi mapya na yeye anachokitaka ni machipukizi mapya. Kwa miche na mti wa chini ya miaka mitatu hapo inafaa kuhangaika, mafuta ya mwarobaini yaliyochanganywa na sabuni kidogo, unapulizia machipukizi yakiwa bado na urefu wa kidole, kila baada ya siku 7 mpaka majani yakomae. Jani likishakomaa hawezi kulichimba.

Majani yameliwa, mengine yamebaki kijiti tu

Tafuta viwavi. Wakiwa wadogo wanafanana na kinyesi cha ndege, weusi na baka jeupe, watu wanawapita hivihivi. Wakikua wanakuwa kijani wanene, ukimgusa anatoa pembe mbili za rangi ya machungwa kichwani na harufu kali. Ni watoto wa yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano anayezungukazunguka kwenye michungwa. Mche wa nusu mita viwavi watano wanaumaliza siku chache tu. Watoe kwa mkono asubuhi, angalia na mayai, vidonge vidogo vya njano kimoja kimoja kwenye machipukizi. Dawa ya nini hapo, mti mmoja mikono miwili.

Kama una majimoto kwenye mti, wale wanaoshona majani wakatengeneza kiota, fikiria mara mbili kabla ya kuwachoma moto. Wanauma ndio, wakati wa kuchuma unapata tabu, ila wanakula viwavi na wadudu wengi sana. Wakulima wa michungwa China walikuwa wanawahamishia ndugu zao hawa kwenye miti makusudi zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Chuma kwa fimbo ndefu yenye kikapu, kila mtu abaki na chake.

Majani yamekuwa meusi kama yamepakwa masizi

Paka kidole mate usugue jani. Masizi yakitoka na chini jani ni kijani zima, huo ukungu wenyewe hauli mti, umeota juu ya sukari inayodondoshwa na wadudu wafyonzaji. Kwaiyo usinunue dawa ya ukungu, geuza majani ya juu kidogo ya hapo uangalie mgongoni: utakuta vidukari, au inzi weupe, au vidung'ata wenye unga mweupe, au magamba madogo ya kahawia yaliyoganda kwenye mishipa. Na karibu kila mara kuna sisimizi wanapanda na kushuka shinani, wanakuja kulamba ile sukari na kwa kubadilishana wanawalinda wadudu wale dhidi ya maadui zao.

Anza na sisimizi. Funga shina kitambaa au karatasi ya nailoni, juu yake paka grisi (sio kwenye gome moja kwa moja, inaumiza), na hakikisha hakuna tawi linalogusa ukuta au majani ya chini mana watapita huko. Afu sabuni ya maji, vijiko viwili vya chakula kwa lita 4 au 5, jaribu kwanza kwenye majani machache usubiri siku moja, kama hayajaungua pulizia mti wote, hasa MGONGONI mwa majani, jioni jua likishapoa. Sabuni inaua mdudu iliyemgusa tu, kwaiyo ukipulizia juujuu umeosha mti tu. Rudia baada ya wiki. Na pogolea matawi ya ndani yaliyosongamana ili hewa na mwanga vipite. Wadudu wakiisha masizi yanakauka na kubanduka yenyewe.

Vipele kwenye majani machanga, na ule ugonjwa mbaya

Hili ndo lile la watu wa milimani. Jani changa lina vipele juu, ukiligeuza chini kila kipele ni kishimo na ndani ya kishimo kuna kidudu kimelala. Hicho kinaitwa silidi, akikua ana mabawa na urefu wa milimita 3 au 4. Vishimo vyenyewe havina madhara makubwa. Shida ni kwamba anasambaza bakteria wa HLB (huanglongbing), ugonjwa ulioua michungwa mingi sana duniani na ambao hauna tiba. Silidi wetu wa Afrika anapenda baridi, joto la pwani linamshinda, ndo mana zamani tulikuwa tunasema huku chini tuko salama. Ila kuna silidi wa Asia anayevumilia joto vizuri tu, na taarifa za kwanza za kisayansi kwamba yuko Tanzania zilichapishwa 2016. Huyo haachi vishimo, anakaa kwenye chipukizi ameinua makalio juu, amelala mshazari.

Utajuaje ni HLB na sio njaa ya mbolea? Chukua peni. Kwenye jani lenye mabaka chora duara upande mmoja wa mshipa mkubwa wa kati, afu chora duara jingine upande wa pili usawa uleule. Njaa ya madini inachora pande zote mbili zikafanana. HLB haifanani, duara hili liko njano lile liko kijani, mabaka yametupwatupwa ovyo yanavuka mishipa. Rudia majani kadhaa. Angalia na matunda: madogo, yamepinda upande, ukikata katikati kwa urefu mhimili wa ndani umeenda kombo, mbegu nyeusi zimesinyaa. Mara nyingi linaanza tawi moja njano, sehemu nyingine ya mti bado kijani.

Ukikuta hivyo muite afisa ugani, usisubiri, na usichukue kijiti wala chipukizi la mti huo kubebeshea (yani kuunganishia) miche mingine. Ikithibitika mti unang'olewa unachomwa. Inauma, najua, mti wa miaka kumi, ila ukiuacha unakuwa chanzo cha kijiji kizima. Na hii ndo sababu ya mimi kusisitiza kununua miche kwenye kitalu kinachojulikana, sio ya kwenye toroli barabarani ambayo hata anayeiuza hajui ilipotoka.

Kwenye maeneo ya mwinuko wa kati yenye ubaridi na unyevu, Kenya na Uganda hasa, kuna pia madoa ya duara kwenye majani na matunda yenye kahawia katikati na njano kuzunguka, huo ni ukungu, okota majani yote yaliyodondoka uchome na tumia dawa ya kopa (dawa ya ukungu yenye shaba) wakati wa mvua.

Utomvu unatoka shinani kama gundi

Hii usiilaze. Futa udongo na majani yote pale shinani, kwaruza gome kidogo kwa ncha ya kisu kilichosafishwa. Chini ya gome panatakiwa pawe cheupe chenye ukijani. Ukikuta kahawia, majimaji, harufu mbaya, ni uozo wa shina, unatoka kwenye udongo na unasafiri na maji. Endelea kukwaruza mpaka ufike penye uzima, zidisha kama sentimita moja, acha pakauke siku moja, paka dawa ya kopa iliyokorogwa nzito. Kama uozo umeshazunguka zaidi ya nusu ya shina sikudanganyi, andaa mche mwingine.

Sababu kubwa ni kupanda chini sana. Pale palipobebeshwa, lile kovu, panatakiwa pawe juu ya udongo angalau sentimita 15 hadi 20, na udongo wala matandazo visiguse shina, acha nafasi ya kiganja. Bonde la kumwagilia lizunguke mbali, shina lenyewe lisimame pakavu. Shina la chini la miche yetu nyingi ni mlimao mkali, ambao unavumilia ukame vizuri sana ila kwa uozo huu ni dhaifu. Mdanzi unavumilia uozo lakini una ugonjwa wake wa virusi, kwaiyo hakuna shina lisilo na kasoro, unachagua kulingana na udongo wako.

Hapohapo kwenye shina, machipukizi yoyote yanayotoka CHINI ya kovu ya kubebesha yang'oe yakiwa machanga. Hayo ni maotea ya shina la chini, yana nguvu, yana miiba mirefu, na yakiachwa yanaua ule mti wa juu. Mtu anakwambia mchungwa wangu umegeuka mlimao, haujageuka, mchungwa ulikufa ukabaki mlimao mkali wa chini.

Hauzai

Umepanda mbegu au mche wa kubebesha? Wa kubebesha unaanza kuzaa miaka 2 hadi 3, wa mbegu hesabu miaka 5 hadi 8, na ukiona wa mbegu una miiba mirefu unakua kwa kasi kwenda juu bado ni mtoto, mwache. Kama umri umefika angalia jua, unataka saa 6 au zaidi kwa siku, chini ya mwembe hauzai hata ufanyeje. Angalia mbolea, ukiulisha urea nyingi unapata majani mazito ya kijani kinachokolea na hamna ua. Angalia panga, kila mwaka unakata ncha zote ili uonekane duara mzuri, na maua yanatoka kwenye ncha hizo. Na maji: kwa pwani mti unahitaji kiangazi kidogo cha kuushtua, kavu wiki kadhaa, mvua ikirudi unachanua. Uliomwagiliwa mwaka mzima bila kupumzika hauoni sababu.

Misumari mnayopigilia shinani ili uogope uzae, hapana. Ile ni kidonda, na kidonda ni mlango wa uozo niliosema hapo juu.

Maua na vitunda vinapukutika

Kiasi fulani ni kawaida kabisa. Mti unatoa maua mengi kupita kiasi na asilimia chache tu ndo yanakuwa matunda, mengine yanadondoka na vitunda vya ukubwa wa njegere navyo vinadondoka. Wasiwasi uanze vikidondoka vyote, au vikidondoka vikubwa. Hapo sababu kubwa ni maji yasiyo na mpangilio, wiki tatu kavu afu mafuriko. Wakati wa maua usikaushe mti. Hiyo hiyo ndo sababu ya matunda kupasuka mvua za vuli zikianza ghafla baada ya jua kali, hasa ndimu.

Limao ni kubwa, ganda nene, juisi hamna

Inaweza kuwa ni aina, mlimao mkali ndivyo ulivyo, ganda nene la mabonde na juisi kidogo. Inaweza kuwa mti bado mchanga, mazao ya kwanza huwa hivyo. Inaweza kuwa naitrojeni nyingi na maji kidogo. Au umechuma mapema, na hapa kuna jambo muhimu: limao halifanani na embe, ukishalichuma haliivi zaidi, juisi haiongezeki ukilifukia kwenye pumba wala ukilifunga kwenye gazeti. Likichumwa kavu ni kavu. Na usisubiri liwe njano, huku kwetu joto halishuki vya kutosha usiku kuliondoa kijani, kwaiyo limao au ndimu inaweza kuwa kijani na imekomaa kabisa. Angalia ngozi, ikiwa imenyooka inang'aa na ukibonyeza inabonyea kidogo, kata moja uone. Limao likikaa sana mtini nalo linakauka ndani.

Ganda la kahawia kama kutu ni utitiri, linapunguza bei sokoni ila juisi ni nzima. Ganda la vigaga na vinundu ni ukungu, unashambulia tunda likiwa changa mvuani, kopa petali zikishadondoka ndo wakati wake.

Jikoni nako kuna matatizo

Juisi chungu: umesaga na mbegu na ile nyama nyeupe ya ganda. Kamua kwa mkono, chuja, na uinywe siku hiyohiyo mana uchungu mwingine unajitokeza juisi ikikaa. Malimao magumu yaloweke maji ya uvuguvugu dakika kumi, yabingirishe mezani kwa kiganja, afu ndo ukate. Yakiwa mengi kwa mpigo, kamua ugandishe kwenye trei za barafu, mwezi wa bei kubwa unakuwa unayo.

Achari imeota koga: chumvi ilikuwa kidogo, au vipande viliingia chupani vina majimaji, au kuna mtu anachotea kijiko kibichi. Chumvi gramu 100 kwa kilo ya malimao ndo chini kabisa, mi naweka zaidi. Osha, kausha na kitambaa KABLA ya kukata, paka chumvi, anika juani mpaka ganda lilainike, ndo uweke pilipili na viungo. Chupa ya glasi, sio sufuria wala bakuli la alumini, asidi inakula alumini na achari inabeba ladha ya bati. Ikishaota koga usitoe ya juu ukala ya chini, mwaga.

Mikono ina madoa meusi au malengelenge siku moja mbili baada ya kukamua ndimu nyingi: hiyo sio mzio wala sumu ya dawa. Maji na mafuta ya ganda, hasa la ndimu, yakibaki kwenye ngozi afu ukapigwa na jua yanaunguza kweli. Wanaouza juisi barabarani, na watoto wanaocheza na ndimu ufukweni, wanapata sana. Nawa kwa sabuni kabla ya kutoka juani, mikono mpaka kwenye viwiko na mdomoni pia. Yakishatoka, usipasue malengelenge, kaa kivulini, na madoa yanachukua wiki hata miezi kufifia. Usipake limao tena kuyang'arisha, na kama ni mtoto au eneo kubwa limevimba nenda hospitali.